Mwezi Mwandamo na Mwaka Mpya wa Wayahudi

Baadhi ya sikukuu kubwa za Wayahudi, kama vile Pasaka, huangukia mwezi mpevu. Mwaka mpya, Rosh Hashana, huangukia mwandamo wa mwezi wa Tishri, mnamo Septemba au mapema Oktoba, na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Zamani mwezi ulithibitishwa Yerusalemu kwa ushahidi wa walioiona hilali kwa macho. Mashahidi walipochelewa, haikujulikana kama siku ile ni takatifu au ni ya kazi. Kwa hiyo huadhimishwa siku mbili, hata Yerusalemu kwenyewe, ingawa leo tarehe hupatikana kwa hesabu.

Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Waislamu huliacha pengo hilo, nayo Ramadhani huzunguka majira yote. Wayahudi huongeza mwezi wa 13 mara 7 katika kila miaka 19. Aidha, mwaka hauanzi Jumatano wala Ijumaa, ili mfungo wa tarehe 10 usipakane na Sabato: chakula kisingepikwa, wala maiti kuzikwa, siku mbili mfululizo.

Sinagogini hupulizwa pembe la kondoo dume. Nyumbani tofaa huchovywa katika asali. Siku ya kwanza ikiwa Sabato, jumuiya zishikazo desturi ya kale huliacha pembe hadi kesho yake.