Dawa ya Kunyamazisha Jeni: Hufikaje Mwilini?



Siku hizi tunasikia habari za dawa za "kunyamazisha jeni". Yafaa tuelewe ni nini, ili mtu asije akatuuzia maji akasema ni dawa.

Jeni ni maagizo tunayorithi kwa wazazi. Seli ikitaka kutengeneza protini, hutoa nakala ya agizo na kuifuata. Agizo likiwa na kasoro, protini nayo hutoka mbovu. Mwaka 1998, Andrew Fire na Craig Mello wa Marekani, wakichunguza minyoo, walieleza jinsi nakala hiyo inavyoweza kuharibiwa kabla haijafuatwa. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2006.

Shida ilikuwa usafiri. Dawa hii ikiingia kwenye damu bila kufunikwa, huvunjwavunjwa upesi. Basi wataalamu wakaifunga ndani ya vifuko vya mafuta, vidogo mno: kama 1,000 vikipangwa vyaenea katika unene wa unywele mmoja. Kwenye damu, vifuko hushikwa na protini ambayo ini huitambua. Ini huvimeza, dawa inatoka, kazi inaanza.

Dawa ya kwanza ya namna hii, patisiran, iliidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2018. Ni ya ugonjwa adimu wa kurithi, ambao protini mbovu ya ini huganda na kuharibu neva na moyo. Miguu hufa ganzi, na mwishowe mgonjwa hushindwa kutembea. Katika majaribio, watu 148 walipewa dawa hii. Protini hiyo ilipungua kwa kama asilimia 80, na zaidi ya nusu yao neva zilipata nafuu.

Tukumbuke mambo matatu:

1. Haibadilishi jeni. Huharibu nakala tu, kwa hivyo mgonjwa huwekewa dripu kila wiki 3.

2. Vifuko hivi huenda zaidi kwenye ini. Kufika kwenye ubongo bado ni kazi ngumu.

3. Ni ghali. Mwaka 2018 bei iliyotangazwa ilikuwa dola 450,000 kwa mwaka.

Dawa za aina hii zilizoidhinishwa hutolewa kwa dripu au sindano, si vidonge. Kwa hivyo mtu akija kikundini na vidonge vya "kunyamazisha jeni" ya kisukari au saratani, msimpe pesa za kikundi. Mwende kwanza kwa daktari.

Maswali ya kujadili:

- Kwa nini dawa hii inahitaji kifuko?

- Mgonjwa wetu akiletewa dawa tusiyoijua, tutauliza nini kabla ya kuchanga?