Hafifu Si Hasi: Vipokezi vya Estrojeni, Vipimo vya Jeni na Mgonjwa wa Kisii na Nyamira

Saratani ya matiti ndiyo inayogunduliwa zaidi miongoni mwa wanawake nchini Kenya. Mwanamke wa Kisii au Nyamira anapokatwa kipande cha uvimbe ili kichunguzwe, majibu huandikwa kwa Kiingereza, hufafanuliwa kwa Kiswahili na aghalabu hujadiliwa nyumbani kwa Ekegusii. Katika safari hiyo ya lugha tatu, neno moja linaweza kubadili tiba. Makala haya yanadhamiria kulifafanua neno hilo na uhusiano wake na vipimo vya jeni vinavyobashiri kurejea kwa ugonjwa.

Kipokezi ni protini iliyomo ndani ya seli, ambayo huipokea homoni ya estrojeni kama kufuli inavyopokea ufunguo. Seli za saratani zenye vipokezi hivyo hustawishwa na homoni hiyo. Kwa hivyo dawa kama tamoksifeni, inayoziba tundu la kufuli, huzidhoofisha. Kwa mujibu wa mwongozo wa Marekani wa mwaka wa 2010, uvimbe ni chanya iwapo angalau seli 1 kati ya 100 ina vipokezi. Marekebisho ya mwaka wa 2020 yalitenga kundi la seli 1 hadi 10 kwa kila 100, likaitwa chanya hafifu.

Kipimo cha jeni, mathalani Oncotype DX, huchunguza utendaji wa jeni 21 katika uvimbe na kutoa alama kati ya 0 na 100. Utafiti wa TAILORx, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2018, ulishirikisha zaidi ya wanawake 10,000. Ulibainisha kuwa wengi wa waliopata alama za kati hawakuhitaji kuongezewa tibakemikali juu ya tiba ya homoni. Hata hivyo, wenye uvimbe chanya hafifu walikuwa wachache katika tafiti za aina hii. Uvimbe wao aghalabu hupata alama za juu, na tabia yake hukaribia ile ya uvimbe usio na vipokezi. Ndiyo maana mara nyingi tibakemikali hupendekezwa kwao hata bila kipimo hicho ghali.

Kwa mgonjwa wa Kisii, basi, hatua ya awali ndiyo yenye uzito. Kipande kinapaswa kutiwa katika fomalini ndani ya saa moja, kikae humo kwa saa 6 hadi 72. Kikicheleweshwa katika kituo cha mashambani kabla ya kufikishwa maabara, vipokezi vyaweza kuharibika, na uvimbe chanya ukaonekana hafifu, au hafifu ukaonekana hasi. Kipimo cha jeni hakirejeshi kilichokwisha kupotea.

Hali kadhalika, mfasiri ana wajibu. Mgonjwa anayeambiwa kuwa hana vipokezi hukosa dawa ya homoni ambayo huenda ingemfaa. Anayeambiwa "chanya" tu huenda akadhani kuwa tembe pekee zinatosha. Swali linalompasa kuuliza ni jepesi katika lugha yoyote: ni seli ngapi kati ya mia? Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa huu huzibwa kwa fomalini na kwa neno sahihi.