Fizikia Inapopanda Jukwaani

Mtunzi wa tamthilia anayeifanya sayansi kuwa mada yake hukabiliwa na tatizo ambalo mwandishi wa kitabu hana, kwa kuwa hadhira iliyoketi ukumbini haiwezi kurudi ukurasa wa nyuma kutafuta maana ya istilahi iliyoipita. Bertolt Brecht, Mjerumani aliyekuwa uhamishoni Denmark alipoandika toleo la kwanza la tamthilia yake kuhusu Galileo mnamo 1938, alilitatua kwa vitendo: Galileo anakifanya kinara cha beseni la kunawia kuwa Jua, kisha anamwinua mtoto wa mtunza nyumba wake pamoja na kiti alichokalia na kumhamishia upande wa pili, na hadhira inaona kwa macho kwamba anayesogea ni mtazamaji wala si Jua. Onyesho hilo ni zuri, lakini sayansi yake bado ni somo lililowekwa ndani ya mchezo.

Michael Frayn, Mwingereza, alikwenda mbali zaidi katika tamthilia yake *Copenhagen*, iliyoonyeshwa kwanza London mnamo 1998, ambamo sayansi imekuwa ndiyo msuko wenyewe. Kiini chake ni tukio la kweli la Septemba 1941, pale mwanafizikia Mjerumani Werner Heisenberg alipomwendea aliyekuwa mlezi wake wa kitaaluma, Niels Bohr, katika nchi ya Denmark iliyokuwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani. Wakazungumza faraghani kuhusu nguvu za nyuklia, wakaachana vibaya, na baadaye masimulizi yao hayakupatana kamwe. Heisenberg huyo ndiye aliyetoa, mnamo 1927, kanuni ya kutokuwa na uhakika, isemayo kwamba kadiri mahali ilipo chembe ndogo kama elektroni panavyojulikana kwa usahihi, ndivyo usahihi wa kuujua mwendo wake unavyopungua. Frayn anawarudisha jukwaani wanasayansi hao wawili na Margrethe, mkewe Bohr, wote wakiwa wamekwisha kufariki, na kuwafanya wairudie jioni ile tena na tena, na kila marudio humpa Heisenberg nia nyingine ya kuja, kana kwamba nia yake nayo haiwezi kujulikana kwa uhakika.

Margrethe si mwanafizikia, kwa hiyo wenzake hulazimika kusema kwa lugha nyepesi, na hadhira hufaidika bila kuhisi kwamba inafundishwa; tena yeye ndiye mshitaki mkali kuliko wote. Inaweza kupingwa, na kwa haki, kwamba kanuni ya Heisenberg inahusu chembe na si kumbukumbu za binadamu, lakini Frayn anaitumia kama istiari, wala hadai kuthibitisha chochote cha kifizikia.

Mjadala uliochochewa na tamthilia hiyo ulikua kiasi kwamba mnamo 2002 familia ya Bohr ilitoa hadharani, kabla ya wakati uliokusudiwa, rasimu za barua ambazo Bohr alimwandikia Heisenberg bila kuzituma, ambamo anasisitiza kwamba mgeni wake alimwachia picha ya Ujerumani inayofanya kila liwezekanalo kutengeneza silaha za atomiki.