Ufa wa mfupa deponi: namna ya kumsaidia kuruta anayekaribia kurudishwa nyumbani

Wiki ya kwanza ya mafunzo ya kijeshi kila kuruta anaumwa. Misuli inakaza, malengelenge yanatoka miguuni, mabega yanachubuka kwa mikanda ya begi. Maumivu ya namna hiyo hupungua kadiri mwili unavyozoea. Yapo mengine yanayoingia polepole, mara nyingi kuanzia wiki ya pili au ya tatu, mahali pamoja pa muundi, wayo au nyonga, na kila siku ya kwata na mchakamchaka yanazidi. Hayo huenda yakawa ufa wa mfupa, mojawapo ya majeraha yanayowakatiza mafunzo vijana wengi duniani waliofika depo wakiwa wazima.

Makala haya yanamhusu kijana huyo, pamoja na mzazi, ndugu au rafiki anayepigiwa simu na kuambiwa, “Wanataka kunirudisha nyumbani.” Ufa wa mfupa ukisemwa mapema hupona, na wengi huendelea na kozi. Ukifichwa unaweza kuwa mvunjiko kamili, na hapo hata daktari mwenye huruma hana la kufanya ila kuandika kwamba kuruta hafai kuendelea.

Mfupa unavyochoka

Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt alieleza juu ya askari waliovimba nyayo na kuumwa baada ya matembezi marefu, ingawa hawakuanguka wala kupigwa. Sababu haikujulikana hadi mionzi ya eksirei ilipogunduliwa mwaka 1895. Miaka miwili baadaye, daktari aitwaye Stechow aliitumia kuonyesha kwamba mifupa myembamba ya nyayo za askari wa namna hiyo ilikuwa imevunjika.

Mfupa ni kiungo hai. Ukibebeshwa mzigo mpya, seli ziitwazo osteoklasti hubomoa sehemu zilizochakaa, kisha osteoblasti hujenga upya kwa uimara zaidi. Shida iko kwenye muda. Kubomoa huchukua takriban wiki 3, kujenga huchukua takriban miezi 3. Ni kama barabara inayozibwa viraka: mafundi huchimba shimo kwanza, na malori yakiendelea kupita kabla halijajazwa, shimo hupanuka. Kuruta aliyekuwa akikaa darasani au dukani, ghafla akaanza kukimbia kila alfajiri na kutembea kwa buti akiwa na mzigo mgongoni, hupitisha malori hayo wakati mfupa wake uko dhaifu kuliko siku aliyoingia kambini.

Ndiyo maana jeraha hili halina uhusiano na uvivu. Mara nyingi humpata anayejituma kupita kiasi.

Maumivu gani hayavumiliwi

Maumivu ya misuli huenea. Ufa wa mfupa huuma mahali ambapo kuruta anaweza kupaonyesha kwa kidole kimoja. Mwanzoni huuma anapokimbia na kutulia akipumzika. Baadaye huuma akitembea, kisha hata usiku akiwa amelala. Akiruka kwa mguu mmoja na maumivu yakamchoma palepale, asisubiri kesho kwenda zahanati ya kikosi.

Sehemu ya kuogopwa zaidi ni shingo ya fupa la paja, karibu na nyonga. Maumivu yake husikika kinenani au mbele ya paja, na wengi huyachukulia kama msuli uliovutika. Ufa wa hapo ukiachana kabisa, damu inayolisha kichwa cha fupa inaweza kukatika, na kijana wa miaka 20 akahitaji upasuaji mkubwa. Kuruta anayechechemea huku akishika kinena aache kukimbia siku hiyohiyo, na ikibidi apewe magongo hadi apimwe.

Picha ya eksirei inaweza kuonekana safi katika wiki 2 au 3 za mwanzo hata kama ufa upo. Kipimo cha MRI huuona mapema zaidi. Pasipo na MRI, daktari mwenye busara humtibu mgonjwa kana kwamba ufa upo, kisha hurudia picha baada ya wiki kadhaa. Maneno “picha haina kitu” yasichukuliwe kuwa ruhusa ya kurudi kwenye mbio.

Wasichana wako kwenye hatari zaidi. Katika majeshi mengi yaliyochunguzwa, hupata ufa huu zaidi ya mara mbili ya wavulana. Mojawapo ya sababu ni chakula kutotosha kazi inayofanywa. Mwili ukikosa nishati, homoni hushuka, hedhi husimama, na ujenzi wa mfupa hudorora. Msichana anayekosa hedhi akiwa mafunzoni ana sababu nzito ya kumwona daktari.

Kwa nini wanaficha

Kuruta anajua kwamba ED, yaani ruhusa ya kupumzika, inaweza kumfanya aonekane mtegeaji. Anaogopa kuachwa na wenzake wa kombania, na anakumbuka kijiji kilichomchangia nauli. Hivyo hutafuta diklofenaki au ibuprofeni, hufunga bandeji chini ya soksi na kujikaza. Dawa hizo huzima kengele huku moto ukiendelea kuwaka ndani. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kwa mfupa uliopasuka kilio hicho huja uwanjani, katikati ya mbio.

Hapo ndipo sauti ya nyumbani ina nguvu. Baba au mama akisema “jikaze” bila kuuliza panauma wapi, anamsukuma mwanawe afiche. Akisema, “Mwanangu, nenda ukaseme leo; kurudishwa nyuma wiki chache si aibu,” anaweza kuuokoa mguu na kazi.

Majeshi yaliyobadilika

Katika jeshi la Israel, watafiti waliohangaika na tatizo hili kwa miaka 25 waliripoti mwaka 2008 kwamba ufa wa mifupa ulipungua zaidi ya nusu pale makuruta walipohakikishiwa usingizi usiopungua saa 6 na jumla ya matembezi ilipopunguzwa. Mwaka huohuo ulichapishwa utafiti wa makuruta wa kike zaidi ya 5,000 wa jeshi la wanamaji la Marekani: waliopewa kila siku miligramu 2,000 za kalsiamu pamoja na vitamini D walipata ufa pungufu kwa asilimia 20 kuliko ambao hawakupewa. Kwa kijana anayejiandaa hapa kwetu, funzo ni kuanza mapema kula dagaa, maziwa na uji wa ulezi, na kuanza mbio miezi kadhaa kabla, akiongeza kidogo kidogo.

Uingereza, kambi ya makomandoo wa Royal Marines iliyoko Lympstone ina kikosi maalumu cha walioumia, kiitwacho Hunter. Kuruta hutibiwa humo, hufanyishwa mazoezi ya kumrejesha, kisha hurudi kwenye mafunzo na kundi jingine. Anaendelea kuvaa sare na kuitwa mwanafunzi. Wakuu wa kambi zetu wanaweza kuliangalia hilo kwa faida ya nchi, kwa sababu kila kuruta anayerudishwa ni gharama iliyokwisha kulipwa.

Bodi ya madaktari ikiitwa

Kabla uamuzi wa kumrudisha nyumbani haujatolewa, kuruta ana maswali ya kuuliza kwa heshima, bila ubishi. Afande, je, naweza kurudishwa nyuma nijiunge na kundi linalofuata? Je, naweza kupewa muda wa kutibiwa nikiwa hapa? Nani atagharamia matibabu nikiondoka? Nikipona, sheria inaniruhusu kuomba tena?

Aombe pia nakala za cheti cha daktari, picha na majibu ya vipimo. Maandishi yaonyeshe jeraha lilianza lini na katika zoezi gani. Wapo vijana wa Afrika Mashariki wanaojiunga na jeshi la Marekani wakiwa na kadi ya ukaaji wa kudumu. Huko swali la kama tatizo lilikuwepo kabla ya kuandikishwa hugusa haki ya matibabu na fidia. Kusaini karatasi bila kuielewa kunaweza kumgharimu mtu miaka mingi. Na asidanganye kuhusu maradhi ya zamani, kwani kuficha taarifa wakati wa kuandikishwa huharibu hata shauri ambalo angeshinda.

Akirudi nyumbani

Ufa wa muundi au wa wayo kwa kawaida hupona kwa wiki 6 hadi 8 za kupumzisha mguu. Wa shingo ya fupa la paja huchukua miezi. Kurudi kwenye mbio kuanze kwa kutembea bila maumivu, kisha kukimbia hatua chache kwa kupokezana na kutembea, na daktari akifuatilia.

Moyo nao unahitaji uangalizi. Kijana aliyeagwa kwa ngoma akarudi akichechemea anaweza kujifungia ndani, kukosa usingizi, kuanza pombe au kusema kwamba maisha hayana maana. Akitamka maneno ya kutaka kufa, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo. Familia nayo ikubaliane mapema jibu moja la kuwapa majirani: aliumia mguu akiwa mafunzoni, anatibiwa. Jibu hilo ni la kweli na linatosha.

Kisha akae na watu wake wapange miezi 6 ijayo: matibabu, chakula, mazoezi, na kozi au kazi ya kufanya wakati mfupa unaunga. Akitaka kuomba tena, aende na faili lake lote na mguu uliopimwa. Akiamua kushika njia nyingine, nidhamu aliyoipata depo ni yake, na hakuna bodi inayoweza kumnyang’anya.