Rolling Stones jukwaani: Mtazamaji hulipia nini bendi inapozeeka?

SEPTEMBA 26, mwaka 2021, maelfu ya watu walikuwa wamesimama katika uwanja wa Dome at America's Center mjini St. Louis, Marekani, wakisubiri kundi la Rolling Stones lijitokeze jukwaani. Onesho lilipoanza, jukwaa lilikuwa tupu.

Kilichosikika ni mlio wa dramu peke yake, na kwenye skrini kubwa zikapita picha za Charlie Watts, mpiga dramu wa kundi hilo tangu Januari 1963. Watts alifariki dunia mjini London Agosti 24 mwaka huo, mwezi mmoja tu kabla ya onesho hilo, akiwa na umri wa miaka 80.

Ndipo walipotoka Mick Jagger, Keith Richards na Ronnie Wood. Nyuma yao, kwenye kiti cha marehemu, aliketi Steve Jordan wa New York, ambaye Watts mwenyewe alikuwa amemkubali ashike nafasi yake kwa muda alipopata matibabu. Muda huo ukageuka kuwa wa kudumu.

Je, waliolipa kiingilio usiku ule waliiona Rolling Stones, au waliona kundi lingine linalopiga nyimbo za Rolling Stones?

Swali hili huikumba kila bendi kongwe. Mpenzi wa dansi wa Dar es Salaam aliyeendelea kwenda kuitazama Msondo Ngoma, bendi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, baada ya Muhidin Gurumo kustaafu mwaka 2013 na kufariki mwaka uliofuata, analijua vyema. Jina lipo, nyimbo zipo, lakini sauti iliyomfanya aupende muziki huo haipo.

Kwa Rolling Stones jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya urefu wa safari yenyewe. Kundi hilo lilipiga onesho lake la kwanza Julai 12, 1962 katika klabu ya Marquee, mtaa wa Oxford, London. Ziara yake ya mwaka 2024 ilipoanza mjini Houston, Aprili 28, Jagger na Richards wote walikuwa na umri wa miaka 80 na Wood 76. Miongoni mwa wadhamini wa ziara hiyo alikuwamo AARP, jumuiya ya Wamarekani wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Hakuna aliyejaribu kuficha ukweli kuhusu umri, wa wanamuziki wala wa watazamaji.

Ili kuelewa mtu huenda kuona nini, hapana budi kueleza kwanza namna kundi hili linavyopiga, kwa maana halipigi kama mengine.

Katika bendi nyingi, mpiga dramu ndiye saa ya ukutani: wote humfuata yeye. Bill Wyman, aliyelicharaza gitaa la besi la kundi hilo kwa takriban miaka 30, aliwahi kueleza kwamba kwao mambo yalikuwa kinyume. Watts ndiye aliyemfuata Richards na gitaa lake la rithimu, kwa hiyo dramu zilichelewa kidogo sana nyuma ya gitaa, huku Wyman mwenyewe akipenda kutangulia mbele kidogo. Matokeo yake ni muziki unaoyumba, ambao kwa maelezo yake ulikuwa wa hatari kwa sababu wakati wowote ungeweza kusambaratika.

Kuyumba huko ndiko kitu ambacho sahani ya santuri haiwezi kukionesha kikamilifu. Katika rekodi, wimbo umekwisha kunusurika. Msikilizaji anajua utafika mwisho salama. Jukwaani hakuna aliyeahidiwa hivyo. Richards anaanza, wengine wanamtazama mikono, na kwa sekunde kadhaa wimbo unaonekana kama kiti chenye mguu mmoja mfupi. Kisha unakaa sawa. Mtazamaji aliyewahi kuuona usiku mmoja ukikaribia kuanguka haisikii tena santuri kwa masikio yaleyale.

Watts alikuwa na jambo jingine ambalo lilionekana kwa macho zaidi ya kusikika. Wapigaji wengi wa rock hupiga kwa mkono wa kulia visahani viwili vya shaba vilivyofungwa pamoja, bila kukatiza, huku mkono wa kushoto ukiipiga dramu ndogo iliyo mbele yao. Yeye, kila mkono wa kushoto uliposhuka, aliuinua wa kulia na kuviacha visahani bila kuvigusa. Pigo la dramu ndogo likatoka peke yake, safi, bila mlio wa shaba juu yake. Aliyekaa karibu na jukwaa aliweza kuuona mkono huo ukiruka hewani mara maelfu kwa usiku mmoja.

Jordan hapigi hivyo. Yeye ni mpigaji hodari, amefanya kazi na Richards tangu mwaka 1988 katika bendi ya pembeni ya mpiga gitaa huyo, na hajajaribu kujifanya Watts. Mapigo yake ni mazito na yanasukuma mbele. Nyimbo zimepata nguvu mpya, na kwa wazee wa miaka 80 nguvu ya kusukumwa kutoka nyuma si jambo la kudharau. Lakini kule kuyumba kumepungua, na mtu aliyependa kundi hili kwa sababu ya kuyumba huko ana haki ya kusema kwamba kuna kitu hakipo tena.

La kushangaza ni kwamba nafasi nyingine zimebadilishwa kwa miaka mingi bila malalamiko makubwa. Darryl Jones, mzaliwa wa Chicago aliyewahi kupiga na Miles Davis, amekuwa kwenye gitaa la besi tangu Wyman alipojiondoa mwaka 1993. Amekwisha kukaa hapo muda unaolingana na wa Wyman au kuuzidi, na hadi leo hahesabiwi kuwa mwanachama rasmi. Mpapasa kinanda Chuck Leavell alianza ziara nao mwaka 1982, naye pia ni mwajiriwa. Leavell ndiye anayetunza kumbukumbu za nyimbo zilizopigwa, hata kundi linaporudi katika mji fulani lisirudie orodha ileile.

Mfano ulio wazi zaidi ni wimbo Gimme Shelter wa mwaka 1969. Sauti kali ya kike katika rekodi ni ya Merry Clayton, aliyeamshwa usiku akiwa mjamzito na kupelekwa studio mjini Los Angeles. Jukwaani, kuanzia mwaka 1989 hadi 2015, sehemu hiyo ilikuwa ya Lisa Fischer. Katika ziara ya mwaka 2024 ilikuwa ya Chanel Haynes. Kila mmoja aliimba kwa namna yake, akitembea na Jagger hadi ncha ya jukwaa, na kila mmoja alishangiliwa. Hadhira imekubali kwamba sehemu ile ni kama kigoda cha kifalme: anakikalia anayestahili.

Huenda basi tofauti ni kwamba mwimbaji mpya huonekana, na mtazamaji anaweza kumkubali au kumkataa waziwazi, ilhali mpiga dramu hubadilisha kitu kilicho chini ya kila wimbo, na wengi huondoka wakihisi mabadiliko bila kuyajua jina.

Lipo pia suala la mahali mtu anapokaa, ambalo wauzaji wa tiketi hawaliongelei sana. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Mtu aliyeketi mita 100 kutoka jukwaani husikia pigo karibu theluthi moja ya sekunde baada ya kupigwa, lakini mwanga humfikia papo hapo. Ndiyo maana kwenye viwanja vya mpira husimamishwa minara yenye spika za nyongeza katikati ya watu, na spika hizo hucheleweshwa kwa makusudi ili mlio wake ulingane na ule unaotoka mbele. Bila hivyo aliye nyuma angesikia kila neno mara mbili. Hata kwa mpango huo, yeye humwona Jagger kwenye skrini akifumba mdomo kabla neno halijamfikia.

Kwa hiyo wengi wa waliohudhuria wamewatazama wanamuziki hawa kwenye skrini, kwa umbali ambao mtu ni kidoti cha rangi. Anayetaka kuona nyuso kwa karibu atafaidi zaidi filamu ya Martin Scorsese, Shine a Light, iliyotoka mwaka 2008 baada ya kurekodiwa katika ukumbi mdogo wa Beacon Theatre, New York, mwaka 2006. Bado watu hujaza viwanja. Februari 18 mwaka huohuo wa 2006, onesho la bure kwenye ufukwe wa Copacabana, Rio de Janeiro, lilikadiriwa kuvuta zaidi ya watu milioni moja, na wengi wao hawakuwa na matumaini yoyote ya kuona uso wa mtu.

Maonesho ya bure lakini ni machache. Ziara ya mwaka 2005 hadi 2007 iliingiza zaidi ya Dola milioni 550 za Marekani, rekodi ya dunia wakati huo. Bustani ya Hyde Park, London, inasimulia mabadiliko hayo vizuri. Julai 5, 1969, siku mbili baada ya kifo cha mwanzilishi wao Brian Jones, walipiga pale bure na kuwaachia vipepeo hewani kwa kumkumbuka. Waliporudi Julai 2013, bustani ilizungushiwa uzio na getini palikuwa na tiketi. Mick Taylor, aliyepiga nao kwa mara ya kwanza siku ile ya vipepeo, alipanda jukwaani kama mgeni.

Mtu akitoa fedha zake hivyo, hutaka nyimbo anazozijua. Albamu yao Hackney Diamonds ilitoka Oktoba 2023, ya kwanza yenye nyimbo zao mpya tangu mwaka 2005, na ilipokewa vizuri. Hata hivyo, katika ziara iliyobeba jina la albamu hiyo ni nyimbo chache tu kati ya hizo zilizopigwa kila usiku. Sehemu kubwa ya muda wa takriban saa mbili ilikuwa ya nyimbo zilizozeeka pamoja na wasikilizaji. Satisfaction, uliorekodiwa mwaka 1965 Jagger akiwa na miaka 21, bado uliwekwa mwisho.

Kuuimba wimbo wa kijana wa miaka 21 ukiwa na miaka 80 kunahitaji mpango. Katikati ya onesho Richards huchukua maikrofoni na kuimba nyimbo mbili au tatu, watu wakamshangilia, na Jagger akapata kupumzika nyuma ya pazia. Wengine hudhani ni heshima tu kwa mpiga gitaa. Ni heshima, na ni hesabu pia. Jagger, ambaye baba yake alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, alibadilishiwa vali ya moyo Aprili 2019, na Juni 21 mwaka huo alikuwa anakimbia tena jukwaani katika uwanja wa Soldier Field, Chicago.

Richards naye ana baridi yabisi katika vidole. Mwaka 2023 aliiambia BBC kwamba haimuumizi, na kwamba gitaa lenyewe humwonesha njia nyingine ya kufanya kile alichozoea. Gitaa hilo, katika nyimbo zake nyingi maarufu, lina nyuzi tano badala ya sita, zikiwa zimekazwa kiasi kwamba ukizipiga bila kuzibana hutoa sauti iliyokamilika. Mikono iliyochoka hupata msaada katika mtindo huo, ingawa aliuchagua akiwa kijana na kwa sababu nyingine kabisa.

Ziara ya mwaka 2024 ilimalizika Julai 21 huko Ridgedale, Missouri, siku tano kabla Jagger hajatimiza miaka 81. Kila mji ulioachwa nyuma, baadhi ya watu waliondoka wakijiambia kwamba wameshuhudia mara ya mwisho. Wamekuwa wakijiambia hivyo tangu miaka ya 1980.

Onesho la mwisho la Charlie Watts lenyewe halikutangazwa kuwa la mwisho. Lilipangwa Agosti 31, 2019 katika uwanja wa Hard Rock, Miami, kisha likarudishwa nyuma kwa siku moja kwa sababu kimbunga Dorian kilikuwa kinakuja. Waliobadilisha safari zao haraka na kufika Agosti 30 walimwona akimaliza wimbo wa mwisho na kusogea mbele kuinama pamoja na wenzake. Wengine walikuwa tayari wanaelekea kwenye magari yao, ili waondoke kabla ya foleni.