Nyama ngumu, makala kidogo: kikapu cha joto jikoni mwetu

Wiki hii tuongee juu ya nyama ya ng'ombe, hasa kile kipande kizima cha paja, bega au muundi ambacho mtu ananunua kwa ajili ya ubatizo, Idi, mgeni wa mbali au Dimanche ya familia. Ng'ombe wa kwetu ni wa kutembea. Amepanda milima, amezunguka tambarare ya Ruzizi, na miguu yake imekaza. Ukimpika haraka, watoto wanatafuna mpaka taya zinauma. Ukimpika mpaka alainike, mbabula inakula makala ya siku mbili.

Kwanza tujue kwa nini nyama inakuwa ngumu. Ndani yake mna nyuzi nyeupe zinazofunga nyama pamoja. Zikikaa muda mrefu katika joto la zaidi ya digrii 70, zinayeyuka na kuwa ute mtamu unaonenepesha mchuzi. Kinachotakiwa ni saa nyingi, si moto mkali. Maji yakishachemka yanafika karibu digrii 100 na hayapandi tena, hata uongeze makala namna gani. Moto wa ziada unakausha maji tu.

Ndiyo maana huko Marekani walitengeneza sufuria ya umeme ya kupika polepole. Aliyeibuni ni Irving Naxon wa Chicago, akapata hati yake mwaka 1940. Alisema wazo lilitoka kwa mama yake, aliyemsimulia jinsi bibi yake huko Lithuania alivyoacha chungu cha nyama na maharage usiku kucha katika tanuru ya mkate iliyokuwa inapoa. Mwaka 1971 sufuria hiyo ikaanza kuuzwa kwa jina la Crock-Pot.

Baadhi yetu tunatumiwa sufuria hizo na ndugu walio ng'ambo. Kabla ya kuichomeka, soma maandishi yaliyo chini yake. Umeme wa Marekani ni volti 120, wa kwetu ni 220. Kama imeandikwa 120 tu, ukiichomeka ukutani inaungua, na inaweza kuwasha moto nyumbani. Shida ya pili ni umeme kukatika. Nyama ikibaki vuguvugu bila wewe kujua, vijidudu vinazaana humo. Ukirudi nyumbani na hujui umeme ulikatika kwa saa ngapi, usiwape watoto nyama hiyo.

Kuna njia isiyotaka umeme: kikapu cha joto. Kinafanya kazi kama termosi. Hakitoi joto, kinazuia tu lile lililomo lisitoke. Kule Ulaya sanduku la namna hiyo lilionyeshwa Paris mwaka 1867. Huku kwetu vifaa vyote vipo.

Namna ya kukitengeneza. Chukua kikapu kikubwa au katoni ngumu inayozidi sufuria yako kwa upana wa kiganja kila upande. Tandika chini majani makavu ya mpunga, kama yale ya mashamba ya Kiliba na Sange, au makapi ya mpunga yaliyofungwa vizuri katika mfuko. Vikwembe vizee na vipande vya bulangeti navyo ni vizuri. Zungusha pande zote, ukiacha shimo la kukaa sufuria. Shona mto mnene wa kufunika juu. Kila kitu kiwe kikavu, kwa sababu kitambaa chenye maji kinapoteza joto.

Namna ya kupika nyama ya kilo moja na nusu:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Paka nyama chumvi, kitunguu saumu na pilipili kidogo. Ikiwa kipande ni kinene sana, kikate viwili.
2. Kaanga pande zote kwa mafuta mpaka iwe rangi ya kahawia. Ongeza vitunguu, tomate na karoti.
3. Mimina maji ya moto mpaka yafunike nyama. Chagua sufuria inayokaribia kujaa, maana sufuria yenye nafasi tupu inapoa upesi.
4. Funika, chemsha kwa saa moja nzima. Usipunguze hapa, joto lazima lifike katikati ya nyama.
5. Ikiwa bado inachemka, iingize katika kikapu bila kufunua, weka mto juu. Zima mbabula.
6. Iache masaa 4, isipite 5. Usifunue kuchungulia.
7. Irudishe motoni, ichemke tena dakika 10 kabla ya kula. Kama bado ni ngumu, ichemshe vizuri na uirudishe kikapuni masaa 2.

Ukianza saa 1 asubuhi, saa 2 na nusu sufuria iko kikapuni, unaenda kusali au sokoni. Saa 6 na nusu unarudi, unachemsha na kuandaa ugali, wali au ndizi.

Sasa jambo la usalama, tusilicheze. Chakula kinachokaa chini ya digrii 60 kwa muda mrefu kinaharibika, hata kama kinanukia vizuri. Ukifungua kikapu, mchuzi lazima uwe bado wa moto sana, wa kuchoma ukionja. Ukiwa vuguvugu, kikapu chako hakifai kwa nyama. Kiongezee majani, kijaribu kwa maji matupu, ndipo urudie. Na tusilaze nyama kikapuni mpaka asubuhi.

Maharage nayo yanapikika hivyo, hasa mekundu, lakini mabichi yana sumu inayoleta matapishi. Yaloweke usiku, mwaga maji hayo, yachemshe kwa nguvu nusu saa katika maji mapya, kisha yaingie kikapuni. Kuyaweka mabichi katika sufuria ya umeme ya polepole ni hatari.

Jambo lingine: usiku wa baridi wengine wanaingiza mbabula ndani ya nyumba ili nyama iive polepole wakiwa wamelala. Makala yanatoa gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu usingizini. Kikapu hakitoi gesi yoyote, na mtoto hawezi kuangukia moto uliozimwa.

Tukumbuke pia milima iliyo juu ya mji. Makala yanatokana na miti, na mlima usio na miti haushiki maji. Sisi tulioona Mulongwe ikifurika April 2020 hatuhitaji kufundishwa hilo.

Vikundi vya likelemba vinaweza kulipima jambo hili pamoja. Wiki moja hesabuni makopo ya makala mnayotumia kwa nyama na maharage bila kikapu; wiki ya pili hesabuni mkiwa nacho. Andikeni tofauti katika daftari la kikundi. Mkiona pesa imebaki, shoneni vikapu vya kuuza, na cha kwanza mpeni mama yule mwenye watoto wengi na makala machache.