Safari ya Kashi

Tangu siku za reli, iliyofika Kitale mwaka 1926, wenyeji wa Kitale na Bungoma wamenunua nguo, sukari na mabati katika maduka ya Wahindi. Lakini mnunuzi aliyemjua mwenye duka kwa miaka ishirini pengine hajapata kujua habari za safari ambayo jirani yake huyo huiwekea fedha kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Safari hiyo ni ya kwenda Kashi.

Si Wahindi wote waendao huko. Walio Waislamu huhiji Makka, na Masingasinga wana mji wao wa Amritsar. Kashi ni mji wa Wahindu, ambao watu wa pwani waliwaita Mabaniani tangu zamani. Mji huo uko kaskazini mwa India, na una majina zaidi ya moja: wengi huuita Banaras, na mwaka 1956 serikali ya India iliuthibitishia jina la Varanasi.

Utakatifu wake umefungamana na mto Ganga. Mto huu kwa kawaida huelekea mashariki, lakini unapofika Kashi hupinda ukaenda kaskazini. Mji umejengwa ukingo wa magharibi, na mkabala wake, ng'ambo, sehemu kubwa ni mchanga mtupu ufunikwao na maji ya mafuriko. Kwa hiyo mtu aogaye alfajiri hulielekea jua lichomozapo, wala hapana nyumba ya kumzuia asilione. Ngazi za mawe za kushukia majini huitwa ghati. Ziko zipatazo 84, nazo zimefuatana ukingoni kwa mwendo wa kilomita sita au zaidi. Wakati wa mvua kubwa, kuanzia Julai mpaka Septemba, maji hupanda yakazifunika nyingi, na waogaji husongamana juu.

Hekalu kuu ni la Vishwanath, yaani Mungu Shiva, Bwana wa Ulimwengu. Hekalu la kale lilivunjwa mwaka 1669 kwa amri ya mfalme Aurangzeb, na hili la sasa lilijengwa mwaka 1780 na Ahilyabai Holkar, malkia wa Indore. Msikiti uko ubavuni mwake hata leo, na ugomvi juu ya mahali hapo umefika mahakamani. Zamani hekalu lilifikiwa kwa vichochoro vyembamba mno. Mwaka 2021 ilifunguliwa njia pana kutoka hekaluni mpaka mtoni, baada ya nyumba nyingi kubomolewa.

Mwenye nguvu za miguu haridhiki na mji peke yake. Iko njia iuzungukayo, iitwayo Panchkroshi, yenye urefu wa kilomita 80 hivi, kupita kidogo mwendo wa kutoka Kitale mpaka Eldoret. Wahujaji huitembea kwa siku tano, wakilala vituoni na kusali mahali 108. Karibu na mji pia pako Sarnath, ambapo Buddha alitoa mahubiri yake ya kwanza. Sanamu ya simba ya mfalme Ashoka iliyofukuliwa hapo ndiyo iliyofanywa nembo ya India mwaka 1950.

Lakini jambo lililo kubwa kuliko yote katika Kashi ni mauti. Wahindu huamini kwamba roho huzaliwa tena na tena katika miili mingine, na kwamba afaye Kashi huwekwa huru asirudi tena katika mzunguko huo. Ndiyo maana wako wazee waendao huko kuingoja siku yao. Katika ghati ya Manikarnika maiti huchomwa usiku na mchana, na moto wake husemwa kuwa haujapata kuzimika. Watu wa kabila la Dom ndio walinzi wa moto huo, na kwa desturi mwana mkubwa wa marehemu ndiye auwashaye ule wa mzazi wake.

Mbukusu atashangaa kusikia maiti kuchomwa, kwa kuwa kwao mtu huzikwa, na mzee wa heshima hufanyiwa kumuse siku chache baada ya maziko. Lakini hatashangaa kusikia kwamba mtoto ana deni kwa mzazi wake aliyekufa, na kwamba deni hilo lina maneno yake na mahali pake pa kulipwa.

Hapo ndipo umbali ulipowalemea Wahindu wa huku. Mzazi akifa Kitale, mwili huchomwa upesi, lakini majivu yake hutakiwa yatiwe katika maji matakatifu. Mpaka miaka ya 1970, aliyetaka kuyafikisha Ganga alipanda meli Mombasa, akawa baharini zaidi ya wiki kabla ya kufika Bombay, kisha akapanda gari la moshi kwa zaidi ya siku nzima. Nani atalinda duka? Nauli itatoka wapi? Siku hizi ndege hufika Bombay, iitwayo sasa Mumbai, kwa saa chache, ila nauli bado ni mzigo. Arudiye huleta maji ya Ganga katika chombo kidogo cha shaba kilichofungwa, nayo huwekwa nyumbani kwa miaka mingi, ili mgonjwa anapokaribia kukata roho atiwe matone machache kinywani.

Hata hivyo dini yao haiwakatazi kutumia mito mingine itiririkayo. Gandhi alipouawa Januari 1948, majivu yake yaligawanywa yakatiwa katika mito mingi, na sehemu moja ililetwa Afrika ya Mashariki, ikatiwa katika Nile pale Jinja, mahali mto utokapo katika ziwa Victoria. Mwaka 1997 Waziri Mkuu wa India, Inder Kumar Gujral, alizindua hapo sanamu ya Gandhi. Mtu wa Bungoma hupita Malaba na Tororo, akafika Jinja siku hiyo hiyo.